Ubao mama una mbadala, kumbukumbu ya nyumba haina

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini ya Rwanda. Mto Sebeya, uteremkao kutoka milimani na kumwaga maji yake katika Ziwa Kivu karibu na mji wa Gisenyi, ulivunja kingo zake na kuingia majumbani mwa watu waliokuwa wamelala. Zaidi ya watu 130 walipoteza maisha kwa mafuriko na maporomoko ya udongo, na Wilaya ya Rubavu ilikuwa miongoni mwa zile zilizopata pigo kubwa zaidi.

Msiba wa watu hauna kipimo, wala hakuna chombo cha nyumbani kinachoweza kulinganishwa nao. Hata hivyo, kila maji yanapopungua, waliosalia hurudi majumbani kuokota kilichobaki. Magodoro huanikwa juani, sufuria huoshwa tope, madaftari ya watoto hufunuliwa ukurasa mmoja mmoja. Siku hizi, kati ya vitu hivyo vinavyoanikwa, huwamo pia kompyuta mpakato. Mwenye nyumba huifuta kwa kitambaa, huiinamisha ili maji yachuruzike, kisha, kwa shauku ya kutaka kujua kama ingali hai, hubonyeza kitufe cha kuiwashia. Mara nyingi ni kidole hicho, wala si maji, kinachoiua.

Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Maji peke yake, yakikaa muda mfupi katika chombo kisicho na umeme, huharibu kidogo. Lakini maji na umeme vikikutana, umeme hupita njia zisizo zake, huunguza vipande vidogo vya ndani na kuila shaba kwa kasi. Kompyuta ambayo ingepona kwa kukaushwa na kusafishwa hugeuka kuwa kompyuta inayohitaji ubao mpya.

Makala hii inahusu kazi hiyo ya kuutoa ubao uliokufa na kuuweka mwingine kwa salama. Ni kazi ya fundi, lakini familia inayoifahamu haitadanganywa, wala haitapoteza isichoweza kukinunua tena.

KOMPYUTA KATIKA NYUMBA YA ASKARI

Na ichukuliwe mfano wa nyumba moja ya askari mjini Gisenyi. Baba hayupo, yuko kazini mbali na nchi yake, kama walivyo wenzake wengi. Walinzi wa amani wa Rwanda wamekuwapo Jamhuri ya Afrika ya Kati tangu mwaka 2014, na mnamo Julai 2021 majeshi ya Rwanda yalikwenda Cabo Delgado, nchini Msumbiji. Mama amebaki na watoto. Kompyuta iliyo mezani ndiyo kabati la nyumba hiyo: ndani yake zimo nakala za vyeti vya kuzaliwa, karatasi za shamba, risiti za ada ya shule, barua, na picha za baba akimbeba mtoto ambaye sasa anatembea.

Jioni moja mtoto anapiga kikombe cha chai ya maziwa kwa kiwiko. Chai inaenea juu ya vitufe, kioo kinazimika. Baada ya siku tatu fundi anamwambia mama kwamba ubao mama umekufa. Mama anashika kichwa. Kwa fikira zake, picha zimekufa pamoja na ubao.

Hapa ndipo penye kosa linaloziumiza nyumba nyingi. Ubao mama si kabati la kumbukumbu. Katika kompyuta nyingi kumbukumbu hukaa katika diski, ambayo ni kipande mbali kilichofungwa kwa skrubu moja au nne. Ubao ukifa, diski yaweza kuwa nzima kabisa. Mama yule, kabla ya kuuliza bei ya ubao, alipaswa kuuliza swali moja tu: diski iko wapi, na i salama?

UBAO MAMA NI NINI

Ubao mama ni bamba jembamba, aghalabu la kijani, buluu au jeusi, lililopigwa njia za shaba nyembamba kuliko uzi. Juu yake hukaa ubongo wa kompyuta, yaani prosesa, pamoja na soketi za kumbukumbu ya muda, diski, kioo, vitufe, feni na betri. Kwa lugha ya kambini, ubao ni ofisi ya mawasiliano ya kikosi: kila amri hupitia hapo. Ofisi hiyo ikinyamaza, kikosi kizima hunyamaza, hata kama kila askari yu mzima mahali pake.

Mambo yauuayo ubao yanajulikana. La kwanza ni maji, chai na soda. La pili ni kuanguka, nako Gisenyi ni mji unaotikiswa mara kwa mara. Volkeno ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, mitetemeko ya ardhi iliendelea kwa siku kadhaa na kupasua nyumba mjini humo. Meza ikiyumba, kilicho juu yake huporomoka. La tatu ni joto, hasa vumbi linapoziba feni. La nne ni umeme usiotulia, unaokatika na kurudi kwa nguvu.

Hata hivyo, si kila kompyuta iliyonyamaza ubao wake umekufa. Fundi mwaminifu hujaribu kwanza mambo mepesi. Huweka chaja nyingine yenye volti zilezile. Huchomoa chaja na betri, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda wa nusu dakika ili umeme uliobaki utoke, kisha akajaribu tena. Hutoa vipande vya kumbukumbu ya muda, akavifuta na kuvirudisha kimoja kimoja. Huunganisha kioo cha nje, kwani huenda kompyuta inafanya kazi na kilichokufa ni kioo tu. Yakishindikana yote hayo, na vipimo vya mita vikaonyesha kuwa umeme unaingia lakini hausambai, ndipo neno la ubao litamkwe. Fundi atamkaye neno hilo kabla hajashika mita anastahili kuulizwa maswali.

KABLA YA BISIBISI KUGUSWA

Mambo matatu hutangulia kazi.

La kwanza ni kuokoa kumbukumbu. Diski itolewe, iunganishwe na kompyuta nyingine kwa waya maalumu, na yaliyomo yanakiliwe mahali pengine. Kisha, ikiwezekana, diski ibaki mkononi mwa mwenyewe muda wote ambao kompyuta iko kwa fundi. Fundi hahitaji picha za watoto ili abadili ubao. Akitaka kuujaribu, aweza kutumia diski yake ya majaribio.

Lakini pana tahadhari. Katika baadhi ya kompyuta nyembamba za siku hizi hakuna diski ya kutolewa, kwa kuwa kumbukumbu imelehemewa juu ya ubao wenyewe. Katika hizo, ubao ukienda, kumbukumbu nayo imekwenda. Mwenye kompyuta ya aina hiyo hana budi kuweka nakala nje yake tangu siku ya kuinunua, wala asingoje siku ya chai kumwagika.

La pili ni ufunguo. Kompyuta nyingi zitumiazo Windows hufunga yaliyomo katika diski kwa maandishi ya siri, na ufunguo wa siri hiyo umefungamana na ubao. Ubao ukibadilishwa, kompyuta humwona mwenyewe kama mgeni na kumdai ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Asipokuwa nao, diski nzima isiyo na kasoro humfungia mlango. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft aliyofungulia kompyuta siku ya kwanza. Uandikwe katika karatasi, ukaguliwe tarakimu kwa tarakimu, na uwekwe pamoja na vyeti vya nyumba, mbali na mfuko wa kompyuta.

La tatu ni namba ya ubao. Haitoshi kusema kompyuta ni ya kampuni fulani na ina kioo cha ukubwa fulani. Aina moja ya kompyuta huweza kuwa na mbao mama kadhaa zenye prosesa tofauti. Namba kamili ya aina husomwa chini ya kompyuta, na namba ya ubao husomwa juu ya ubao wenyewe baada ya kufunguliwa. Mpya na wa zamani ulazwe ubavu kwa ubavu, yalinganishwe matundu ya skrubu, soketi na mahali pa chaja. Tofauti ya soketi moja yatosha kuirudisha safari nyuma.

Kuhusu ubao uliokwisha kutumika, askari polisi watalielewa neno hili upesi. Ubao hubeba ndani yake namba ya kompyuta ulikotoka, na huenda pia ukawa na neno la siri la mwenyewe wa kwanza. Anayenunua bila risiti aweza kujikuta ameweka mezani pake kipande cha mali iliyoibwa, au ubao uliofungwa usiofunguka. Risiti, jina la duka na muda wa dhamana ni sehemu ya bei.

UMEME KWANZA UTOKE

Kila askari alifundishwa jinsi ya kusafisha bunduki. Haanzi kwa kitambaa wala mafuta. Huelekeza mtutu mahali pa salama, hutoa magazini, huvuta na kutazama chemba kwa macho yake, na baada ya kuhakikisha kwamba haimo risasi ndipo aifungue. Hata kama mwenzake amemwambia kuwa ni tupu, yeye hutazama.

Kanuni ya ubao mama ni hiyohiyo. Kompyuta izimwe kabisa, isilazwe tu. Chaja ichomolewe. Waya zote za pembeni ziondolewe. Mfuniko wa chini ukifunguliwa, kitu cha kwanza kuguswa ni waya wa betri. Uchomolewe katika soketi yake kabla ya kitu kingine chochote. Kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde 15 hadi 30 ili kumaliza umeme uliobaki. Magazini imetoka, chemba imetazamwa. Mafundi wengi walioua mbao nzima walizichoma katika hatua hii: bisibisi iliteleza wakati betri ingali imeunganishwa.

Betri yenyewe iheshimiwe. Ni ya lithiamu, na ikitobolewa au kukunjwa huweza kuwaka moto mkali wenye moshi wa sumu. Betri iliyovimba isibanwe, isichokonolewe kwa chuma, isichajiwe tena, wala isitupwe jalalani.

Upo pia umeme usioonekana, uitwao umeme tuli. Huo hujikusanya mwilini mwa mtu anapotembea juu ya zulia au anapovua sweta ya sufu, na Gisenyi, mji ulio karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ni mji wa masweta. Mtu hauhisi umeme huo mpaka ufikie kama volti 3,000, ndipo ashtuke akigusa kitasa cha mlango. Lakini vipo vipande vya ubao vinavyoharibika kwa chini ya volti 100. Maana yake ni kwamba fundi aweza kuua ubao mpya kwa kidole chake bila kusikia chochote, na kesho akamlaumu aliyemuuzia. Hatari hiyo huzidi wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, hewa inapokauka.

Kinga yake si ghali. Upo mkanda wa mkononi wenye waya unaofungwa kwenye chuma kilichounganishwa na ardhi. Asiye nao aguse mara kwa mara chuma kisichopakwa rangi cha chombo chenye waya wa ardhi. Kazi ifanyiwe juu ya meza ya mbao, isifanyiwe juu ya zulia, blanketi wala kitanda. Nguo za pamba ni bora kuliko za nailoni. Pete na saa zivuliwe. Ubao ushikwe kwa kingo zake, kama picha ambayo rangi haijakauka, na ubaki ndani ya mfuko wake maalumu mpaka dakika ya kufungwa.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kazi hii daftari ni kipande cha karatasi ngumu. Fundi hodari huchora juu yake umbo la kompyuta, akatoboa mahali pa kila skrubu na kuichomeka hapo kila anapoitoa. Wengine huzibandika kwa utepe wa karatasi na kuandika namba. Aidha, simu ya mkononi hutumika kupiga picha kila hatua kabla waya haujachomolewa.

Si mapambo. Skrubu za kompyuta moja hutofautiana urefu kwa milimita chache tu. Ile ndefu ikiingizwa mahali pa fupi hupenya na kutoboa ubao kutoka chini, na ubao mpya hufa kabla haujawashwa. Skrubu iliyosahaulika ndani nayo huzunguka, ikagusanisha njia mbili za umeme. Mwisho wa kazi karatasi iwe tupu, na meza iwe tupu. Ikibaki skrubu moja, kazi haijesha.

KUUTOA UBAO

Baada ya betri hutolewa diski, kisha vipande vya kumbukumbu ya muda, kisha kadi ya mawasiliano yasiyotumia waya. Kadi hiyo ina nyaya mbili nyembamba za antena, aghalabu nyeusi na nyeupe. Hunyanyuliwa juu moja kwa moja, hazivutwi ubavuni.

Zinafuata nyaya bapa zinazokwenda kwenye vitufe, kioo na spika. Soketi nyingi za nyaya hizo zina kikomeo kidogo kama mlango wa dirisha. Kikomeo huinuliwa kwa ukucha au kipande cha plastiki, ndipo waya utoke wenyewe bila nguvu. Anayevuta bila kufungua kikomeo hukata waya au hung'oa soketi. Hapa haraka haina baraka hata kidogo.

Kisha hufunguliwa feni na kipoza joto, yaani bomba la shaba linalobeba joto kutoka kwa prosesa. Skrubu zake mara nyingi zimeandikwa namba. Hufunguliwa kwa kuanzia namba kubwa kurudi moja, kila moja ikilegezwa kidogo kidogo, ili prosesa isielemewe upande mmoja. Bomba likigoma halipigwi. Huzungushwa polepole mpaka gundi ya zamani iachie.

Mwisho hutolewa skrubu zinazoshika ubao wenyewe. Ubao huinuliwa kwanza upande usio na soketi za nje, kisha huvutwa taratibu kutoka katika matundu ya pembeni. Ukikataa, ipo skrubu iliyosahauliwa au waya uliofichika upande wa chini. Ubao hauvunjwi ili utoke, hutafutwa kinachouzuia.

Vipo pia vipande vidogo vinavyosahauliwa juu ya ubao wa zamani, kama betri ya duara ya saa, yenye volti 3, na soketi ya chaja. Vihesabiwe kabla ubao wa zamani haujawekwa kando.

KUUWEKA MPYA

Kuweka ni kurudi kwa njia ileile, kuanzia mwisho. Lakini mambo mawili hayarudishwi yalivyokuwa.

Kwanza ni ule uji mzito unaopakwa kati ya prosesa na bomba la shaba, ambao mafundi huuita pesti. Kazi yake ni kujaza vinyweleo vya chuma ili joto lipite. Uliokauka hufutwa wote kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti safi ya isopropili, kisha hutiwa mpya wa kadiri ya punje ya mchele. Ukizidi humwagika pembeni. Ukikosekana, prosesa hupata moto na kompyuta hujizima baada ya dakika chache. Skrubu za bomba hukazwa kwa kufuata namba, kidogo kidogo.

Pili ni vumbi. Kompyuta haifunguliwi hivyo kila mwezi, basi feni isafishwe kwa brashi laini wakati bado iko nje. Ubao mpya ndani ya nyumba chafu hufuata njia ya ule wa kwanza.

Waya wa betri uwe wa mwisho kurudishwa, kama vile ulivyokuwa wa kwanza kutoka.

KUWASHA MARA YA KWANZA

Kabla mfuniko haujakazwa, kompyuta huwashwa kwa majaribio. Kioo chaweza kubaki cheusi kwa dakika moja au zaidi wakati ubao mpya unatambua vipande vya kumbukumbu. Asiyejua hushtuka akazima. Kilicho bora ni kusubiri, kusikiliza feni na kutazama taa.

Ikiwaka, saa na tarehe hurekebishwa. Diski ya mwenyewe hurudishwa mbele ya macho yake, na hapo ndipo ile karatasi yenye tarakimu 48 hulipa gharama ya kuandikwa kwake. Huenda Windows nayo ikadai leseni upya, kwa kuwa leseni nyingi huitambua kompyuta kwa ubao wake. Kisha hujaribiwa kila kitu: vitufe vyote, spika, kamera, chaja na matundu ya pembeni. Kompyuta iachwe ikifanya kazi nusu saa mezani pa fundi kabla fedha hazijatolewa.

KOMPYUTA YA KAZI SI YA NYUMBANI

Yote yaliyosemwa yahusu mali ya familia. Kompyuta ya kikosi, ya kituo cha polisi au ya ofisi yoyote ya umma haifunguliwi nyumbani, wala haipelekwi kwa fundi wa mtaani, hata kama ni rafiki wa miaka kumi. Diski yake imebeba majina ya watu, taarifa na barua ambazo si za mtu mmoja kuziamulia. Ikiharibika huandikwa taarifa na kurudishwa kwa wahusika. Askari anayeficha kwamba amemwagia chai kompyuta ya kazi, akampa jirani airekebishe kwa siri, amegeuza kosa dogo kuwa kubwa.

WALIOJIFUNZA MAPEMA

Kufungua kompyuta si jambo geni kwa watoto wa Rwanda. Mwaka 2008 serikali ilianza mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, na zaidi ya 200,000 za aina ya XO ziligawiwa katika shule za msingi. Kompyuta hizo za kijani na nyeupe zilitengenezwa makusudi zifunguliwe kwa bisibisi moja, na skrubu za akiba zilifichwa ndani ya mpini. Ubao wake mama haukuwa chini ya vitufe. Ulikuwa nyuma ya kioo. Mwaka 2015 kampuni ya Positivo BGH ikaanza kuunganisha kompyuta mjini Kigali. Baadhi ya vijana walioshika bisibisi darasani wakati ule sasa ni watu wazima wenye familia.

Mambo yamebadilika tangu hapo. Kompyuta zinazidi kuwa nyembamba na vipande vingi zaidi vinalehemewa moja kwa moja juu ya ubao. Lehemu ya siku hizi, isiyo na risasi, haiyeyuki mpaka joto lizidi digrii 217, na prosesa hushikwa kwa vishanga vya lehemu kwa mamia vilivyojificha chini yake. Hiyo ndiyo sababu fundi hubadili ubao mzima badala ya kipande, na sababu ya mwenye nyumba kutojaribu kuutengeneza ubao kwa chuma cha kulehemu jikoni.

UBAO WA ZAMANI UENDE WAPI

Ubao uliokufa si takataka ya kawaida. Ndani yake zimo shaba, bati, dhahabu kidogo, na tantalamu iliyo katika vipande vidogo vya kuhifadhi umeme. Bati na tantalamu huchimbwa katika vilima vya Rwanda yenyewe, na ng'ambo ya mpaka, huko Masisi. Madini yaliyotolewa ardhini kwa jasho, na mara nyingi kwa damu, hayafai kurudishwa shimoni pamoja na maganda ya ndizi.

Tena ubao ukichomwa hutoa moshi wenye sumu, na ukitupwa kando ya Sebeya uchafu wake huteremka mpaka ziwani, ambako watu huvua sambaza. Kipo kiwanda cha kurejeleza taka za elektroniki huko Bugesera. Duka au fundi anayekusanya mbao za zamani kwa ajili ya kuzipeleka huko anatenda jambo la maana, na familia imwachie ubao wake. Diski, hata iliyokufa, isiachwe pamoja nao mpaka yaliyomo yamefutwa au yenyewe imevunjwa.

TURUDI KWA YULE MAMA

Mama wa mfano wetu aliambiwa kwamba ubao umekufa. Sasa anajua la kufanya. Anaomba diski itolewe mbele yake na kuifunga katika kitambaa. Anamtafuta mumewe kwa simu, naye, huko aliko, anaingia katika akaunti yake na kumsomea tarakimu 48, mama akiziandika na kumrudishia kuzisoma, kama wafanyavyo watu wa redio kambini. Anaandika namba ya ubao, analinganisha bei ya ubao na ya kompyuta nyingine iliyotumika, ndipo anaamua. Hata akiamua kutotengeneza, hajapoteza kitu kisichonunulika.

Msimu wa mvua kubwa huanza Machi na kuendelea mpaka Mei. Kabla haujafika, kila nyumba iliyo bondeni mwa Sebeya, na kila nyumba popote, ina kazi ndogo ya jioni moja: kunakili picha na vyeti katika diski ya pili, kuikabidhi kwa shangazi au babu anayekaa mlimani, kuandika ufunguo katika karatasi, na kuinua kompyuta kutoka sakafuni hadi juu ya kabati. Na kompyuta ikilowa licha ya hayo yote, chaja ichomolewe, na kidole kikae mbali na kitufe.